Aliyekuwa Akifungua Picha za Marehemu

Nianze na upumbavu wenyewe, maana hata nikiuficha mama yangu atakusimulia. Niliweka programu ya wizi kwenye kompyuta ya mama, na kabla ya kuiweka nilizima kinga ya ile kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu maelekezo yalisema nizime. Yaani mwizi kaniandikia kwa adabu kabisa: tafadhali mfunge mbwa, acha mlango wazi, nakuja. Nami nikamfunga mbwa. Nilibakiza kumtandikia kitanda tu.

Kaa hapo, mwanangu. Najua unacheka. Mtu wa kidato cha nne, ndevu zenyewe mpaka uzitafute kwa tochi, anakuita mwanangu! Lakini wewe uko kidato cha kwanza, mjomba wako kakuletea kompyuta iliyotumika, na tayari nimesikia unauliza watu hapa shuleni nani ana kraki, hizo programu za kuvunjia kufuli la vitu vya kulipia. Kwa jambo hili mimi ni babu yako. Nina mvi za ndani. Wazee wengine hukaa kwenye kigoda wakitoa nasaha, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, lakini sikiliza hivyo hivyo.

Mama yangu ana steshenari karibu na soko la Lushoto. Anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu lililogongwa misumari ukutani. Ila kazi inayolisha nyumba yetu ni misiba. Mtu akifariki kijijini Kwai, au huko juu zaidi, ndugu wanakuja kwa mama na picha yoyote waliyonayo. Mara nyingi ni moja, imekatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, marehemu ameshika soda na nusu ya bega la jirani limo. Mama anamtoa yule jirani, anamtoa soda, anamvalisha marehemu koti. Amewavalisha suti wazee ambao maisha yao yote hawakuwahi kuvaa hata tai. Halafu anaichapa kubwa, inawekwa kwenye fremu, inatangulia mbele ya jeneza.

Picha hizo zote mama anazitunza kwenye kompyuta, kwenye sehemu aliyoiita Marehemu. Hazifuti, kwa sababu watu hurudi. Wanarudi kwenye arobaini, wanarudi kwenye ibada ya kumbukumbu, wanarudi kwa sababu unyevu wa huku umekula ile ya ukutani. Kwa baadhi ya familia, sura ya baba yao imebaki mahali pamoja tu duniani, nako ni ndani ya kile kiboksi cheusi chini ya meza ya mama.

Na mimi ndimi niliyekiharibu.

Kompyuta ilikuwa imepigwa windo, yaani imewekewa Windows, na fundi mmoja wa mjini, wala mama hakujua kwamba ile ilikuwa nakala ya kuibia. Siku moja ikaanza kuandika pembeni ya kioo kwamba haijalipiwa. Kioo nyuma yake kikawa cheusi. Mama akawa anaona aibu, wateja wanasoma. Akaniambia, "Yoeli, si unajifanya unajua kompyuta? Ondoa hayo maandishi." Ningeweza kusema sijui. Lakini kijana wa Lushoto aseme hajui mbele ya mama yake? Nikamwendea rafiki yangu Sufi, akanipa flashi yenye kraki aliyoitoa kwenye kundi la mtandaoni. Nikazima kinga, nikabonyeza, maandishi yakatoweka. Mama akanipikia wali siku hiyo. Nilikula ule wali kwa maringo, mwanangu, kama injinia aliyerudi kutoka ng'ambo.

Siku chache baadaye mama akaniita. "Hii mausi ina nini?"

"Imefanyaje?"

"Inatembea."

"Mausi zote zinatembea, Mama."

"Yoeli. Mkono wangu ulikuwa hapa." Akaonyesha kifuani.

Nikamwambia ni vumbi. Akaipindua, akaifuta kwa upindo wa kitenge, na mambo yakaishia hapo. Kwa siku ile.

Sasa ndiyo nakuja kwenye siku ya ukungu. Ukungu kwetu si habari, watoto tunazaliwa nao. Lakini ule haukungoja jioni. Ulishuka wakati watu wanakula cha mchana, ukameza mikaratusi yote ya upande wa pili, ukameza barabara, ukafika kwenye kizingiti cha duka ukasimama pale kama mteja anayeona haya kuingia. Sauti za sokoni zilisikika, watu hawakuonekana. Mama akawasha taa.

Akaingia Bibi Mauya. Ni jirani yetu, anaishi peke yake nyuma ya bustani yetu ya kabichi, wanawe wako Tanga. Mwanamke mmoja mfupi, mdomo mkali, ambaye hukuita kwa kiganja, ukifika anasahau alichokuitia ila hasahau kukusema. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba. Suruali hiyo inakuanguka au ndivyo mnavyovaa?" Basi, huyo ndiye. Alitaka picha ndogo ya bima. Mama akamsimamisha kwenye shuka la bluu, akampiga, akaihamishia kompyuta. Kulikuwa na akina mama wengine wawili wanangoja kopi. Tukawa tunaisubiri printa ipate moto.

Mausi ikatembea.

Mama hakuwa ameigusa. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi. Kile kishale kikavuka kioo polepole, kikasimama juu ya Marehemu, kikafungua. Picha ya kwanza ikatokea, ikajaa kioo kizima. Mzee mwenye koti la kijivu.

"Huyo si mzee wa Kwai?" mmoja wa akina mama akauliza. "Tuliyemzika wakati wa mvua?"

Ikafungua nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeanguka bafuni. Ikafungua nyingine. Binti mmoja aliyekufa kwa uzazi, mama alimtengenezea maua pembeni. Zikawa zinakuja taratibu, moja, inakaa, tunaangaliana nayo, inaondoka, inakuja nyingine. Bibi Mauya alikuwa anawajua wote. Akawa anawataja kwa sauti ndogo, majina yao na ya baba zao, kama anapokea wageni mlangoni. Mmoja wao bibi alimsalimia kabisa kwa Kishambaa, "Onga mshi," halafu akanyamaza kama anangoja aitikiwe.

Kisha picha za watu waliokufa zikaacha kufunguka, kishale kikazunguka zunguka, na iliyofuata ikawa ya Bibi Mauya. Ile ile iliyopigwa muda si mrefu. Shuka la bluu, kilemba, mdomo umebanwa.

Ikakaa hapo. Haikuondoka.

"Kumbe," Bibi Mauya akasema. Neno hilo tu. Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka, na ukungu ukamchukua kabla hajafika kwenye mtaro. Picha zake za bima aliziacha kwenye trei ya printa.

Mwanangu, mimi nilikuwa najua. Sikuwa najua jinsi inavyofanyika, ila nilijua nani alimfunga mbwa. Mama akanigeukia, uso umekauka. "Yoeli, umefanya nini kwenye hii mashine?"

"Sijafanya kitu."

Wale akina mama wawili waliondoka bila kopi zao. Kufikia asubuhi, mji wote ulijua kwamba kompyuta ya steshenari inaita watu kaburini. Wateja wakawa wanasimama nje na kuongea kupitia dirishani, kama vile mama anauza mafuta ya taa. Mmoja akashauri tuite mganga, mwingine akashauri mchungaji, mwingine akashauri wote wawili ila kwa zamu. Na mimi, nisikufiche, niliona hiyo hadithi ya mizimu inanifaa sana. Mizimu hainyimi mtu wali. Nikakaa kimya, na hata kuongeza chumvi niliongeza. Nilimwambia Sufi kwamba usiku printa inajichapia. Uongo mtupu. Nilikuwa sijawahi kuiona printa hiyo usiku.

Kisha Bibi Mauya akaacha kula.

Alianza kwa kugawa. Kuku mmoja alimleta mwenyewe kwa mama, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akasema, "Mtunze, mimi sitamhitaji." Mama akakataa, bibi akamwacha kizingitini. Jembe akampa jirani wa chini. Akawapigia wanawe Tanga, akawaambia wasiache kazi zao, wangoje wataitwa. Hakuugua. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alilala tu kitandani, na kila mtu aliyetoka kumwona alitoka akinong'ona.

Mama akanituma na uji. Nikaukuta mlango umeegeshwa. Ndani palikuwa safi mno, mwanangu, pamefagiwa kama hapana mtu. Bibi Mauya amelala ubavu wa kulia kuelekea kibla, na kwenye kiti karibu na kitanda pana kanga mbili mpya, zimekunjwa sawasawa, na sabuni juu yake. Sikuuliza za nini.

"Ni Yoeli?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo. Nimeleta uji."

"Weka." Akavuta shuka begani. "Siku ile na wewe uliniona?"

"Nilikuona, bibi."

"Nilionekanaje?"

Nikasogeza bakuli la uji. Mimi ambaye nina jibu la kila mwalimu. "Ulionekana vizuri."

"Basi mwambie mama yako watumie hiyo hiyo. Asinivalishe koti."

Nilitoka pale sioni njia, na siku hiyo hapakuwa na ukungu. Uji wa jana yake ulikuwa bado uko kando ya mlango, umefanya ngozi juu.

Nikaenda dukani. Mama alikuwa ametoka kwenda kununua wino. Nikakaa mbele ya kompyuta nikiwa na wazo moja la kijinga, kwamba nitaiondoa ile kraki kimya kimya, mambo yataisha, na hakuna atakayejua. Mama alikuwa ameiacha inawaka, nikagusa mausi. Ile kamera ndogo juu ya kioo, ambayo mama hajawahi kuitumia hata siku moja, ikawaka taa yake ya kijani.

Barua ya mteja ilikuwa imefunguka kwenye kioo, maombi ya kazi. Chini ya neno "Wako mtiifu" yakaanza kuandikika maneno. Herufi moja moja.

*leo uko peke yako*

Nikavuta mikono yangu kutoka mezani kama mtu aliyegusa jiko. Vitufe havikusogea. Maneno yaliendelea.

*mama kaenda wapi na kile kitenge cha njano*

Ni kweli alivaa cha njano. Nikaandika: wewe nani. Kishale kikapepesa muda mrefu. Nje mtu alikuwa anaita bei ya karoti, na ilinishangaza kwamba dunia bado inauza karoti.

*yule bibi alivyotimua mbio siku ile haha*

Hiyo haha, mwanangu. Sauti za mizimu sijawahi kuzisikia, lakini hiyo haha ninaijua. Ni yangu. Ndiyo ninayoandika nikimfanyia mtu kitu halafu nikakaa pembeni kumtazama. Huko upande wa pili hapakuwa na marehemu hata mmoja. Palikuwa na mtoto wa mtu, pengine ana umri wangu, pengine ana mtihani wiki ijayo kama mimi, amekaa mahali anakula karanga na kutazama ndani ya duka la mama yangu. Niliogopa zaidi kuliko ningekuwa nimeona mzimu. Mzimu angalau ungekuwa wa kwetu.

Nikaing'oa modemu. Taa ya kijani ikazimika. Nikakaa chini sakafuni.

Nikampigia dada Nuru, binti wa mama mkubwa, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Tanga. Nilijaribu kuanza kwa mbali, habari za masomo, habari za joto la huko. Akanikata. "Umeweka nini?"

"Kraki."

"Ukazima kinga?"

"Nikazima."

"Usiiunganishe tena na mtandao mpaka nifike. Na Yoeli, mama mdogo anajua?"

"Hajui."

"Nikifika nimkute anajua. La sivyo namwambia mimi, na mimi nitaongeza mambo."

Mama aliporudi nilimwambia. Nilitegemea kofi, nilikuwa nimeshatayarisha shavu. Hakunipiga. Aliweka wino mezani, akakaa, akauliza jambo moja: "Bibi Mauya anajua?" Nikasema hajui. Akanionyesha mlango kwa kidole.

Nikarudi kule kwa Bibi Mauya. Nikasimama mlangoni, nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba hakuitwa na mtu yeyote aliyekufa, kwamba kuna mtu mwenye kompyuta mahali fulani, kwamba anaona kwetu na kuendesha ya kwetu kama ya kwake, kwamba dada Nuru anakuja kumtoa. Akawa ameangalia ukuta.

"Mnanidanganya ili nile," akasema.

"Hapana, bibi. Mimi ndiye niliyemfungulia."

Hapo akageuka. Taratibu, kitanda kikalia. "Wewe ndiye uliyemfungulia."

"Ndiyo."

"Unamjua jina?"

"Simjui."

"Kwao unakujua?"

"Sikujui."

"Ulimfungulia mtu usiyemjua jina wala kwao, akaingia kwa mama yako, akaketi na maiti wetu."

Akaniangalia kwa muda, na naapa niliona ule ukali unarudi machoni pake, kidogo kidogo, kama makaa yanayopulizwa. "Nuru anafika lini?" akauliza. "Nataka kuiona hiyo mashine ikiwa haina mtu."

Jumamosi Nuru akafika na basi la Mombo, na begi mgongoni, na flashi shingoni kama filimbi ya mwamuzi. Bibi Mauya alikuja kwa mkongojo, mimi nimemshika upande mmoja. Mwepesi kama kuni kavu. Mama akampa kiti chake mwenyewe.

Nuru hakuiwasha kompyuta kwa njia ya kawaida. Alichomeka flashi yake, mashine ikaamkia humo, ikaja na kioo kingine kabisa, cha rangi nyingine. Akasema mfumo ule unaitwa Linux, hauhitaji kraki kwa sababu wenye nao wanautoa bure kwa kila mtu. Haukuwa umegusa kitu cha zamani bado, ulikuwa umeingia kama mgeni anayechungulia vyumba. Akafungua sehemu ya Marehemu. Wote walikuwemo. Mzee wa Kwai, mwalimu, yule binti na maua yake. Mama akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia wiki nzima.

Bibi Mauya hakuangalia picha. Aliangalia kishale.

Tukangoja. Kishale kilikaa pale alipokiacha Nuru, katikati ya kioo, kimya. Tukangoja zaidi. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na nikajikuta namwomba Mungu kile kishale kisitikisike, hata kwa bahati mbaya, hata kwa vumbi la kweli.

"Kimetulia," bibi akasema mwishowe.

"Kimetulia, bibi," Nuru akasema.

"Na huu wa bure, utajuaje kwamba hauna mtu ndani? Ule wa Yoeli nao si ulikuwa wa bure?"

Nikainamisha kichwa. Nuru akacheka, akavuta kibao akakaa karibu naye. "Bibi, mfereji wa maji kule kwenu juu nani alichimba?"

"Wote. Tulichimba kwa msaragambo. Na kila mwaka tunatoka kuusafisha."

"Mtu akitupa uchafu mle?"

"Ataonekana. Mfereji uko wazi, unaufuata kwa miguu kutoka chemchemi mpaka shambani kwako."

"Basi huu umechimbwa hivyo. Watu wengi, wa nchi nyingi, na kila walichoandika kimewekwa wazi, anayeweza kukisoma anakifuata mpaka chemchemi. Mimi mwenyewe sijausoma wote, lakini wapo wanaousoma, na mmoja akiona tope anapiga kelele. Ule wa Yoeli ulikuwa ni maji yaliyofunikwa. Ameletewa kwenye ndoo na mtu amefunika uso, akanywa."

Bibi Mauya akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza, na mama hakuwa ameliwaza, na nadhani Nuru alikuwa anaomba lisiulizwe.

"Na zile picha alizozifungua. Amezirudisha?"

Nuru akafuta kioo cha simu yake, ingawa hakikuwa na kitu. "Hazirudishwi, bibi. Akishazinakili anazo."

"Na yangu anayo."

"Pengine anayo."

"Kwa hiyo mahali fulani nimekaa na wale wote." Akaangalia nje, kwenye ule weupe. Kisha akasema, "Haya. Ila ni mtu. Kama ni mtu, simwendei. Aje yeye hapa nimwone miguu." Akamgeukia mama. "Huna andazi humu ndani? Hata la jana."

Mama alikimbia. Namaanisha alikimbia kweli, mama yangu ambaye hakimbii hata mvua ikimnyeshea. Alirudi na maandazi na chai ya maziwa kwenye chupa, na sote tukasimama kumtazama Bibi Mauya akila kama watu wanaotazama mpira. Alipomaliza la pili akasema ni makavu.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, kabla kengele haijalia.

Nuru alizihamisha picha zote kwenye diski ya nje, akaifuta kompyuta kabisa, akaiwekea Linux. Nikueleze kwa nini nakushauri na wewe ufanye hivyo, wala sikushauri kwa sababu nimekuwa mtakatifu. Kwanza, hakuna cha kuvunja. Kitu ambacho mwenyewe amekupa kwa moyo mweupe hakihitaji kraki, na pasipo kraki hapana sababu ya kumzima mlinzi wako. Hiyo peke yake ingetosha kunizuia nisimlaze mtu kitandani na sabuni pembeni. Halafu programu zake unazichukua kwenye ghala lake lenyewe, unatafuta jina, unabonyeza. Hutembei kwenye makundi ya watu waliofunika nyuso. Kuandika barua imo, kutengeneza picha imo, mama anavalisha watu makoti kama zamani. Flashi za wateja, ambazo zamani zilikuja na virusi wamejaa kama viroboto, sasa virusi wenyewe wanafika wanakuta nyumba hawaijui mpangilio wake, wanashindwa hata kupata mlango. Usije ukadhani haiwezi kudhurika, inaweza, Nuru alinionya nisijigambe. Na ile kompyuta kuukuu, ambayo ilikuwa inawaka huku wewe unaenda kuoga na kurudi, sasa inawaka kabla hujavaa shati. Haijawahi tena kujizima katikati ya kazi ya mtu ili ijisasishe. Inakuuliza kwanza.

Kuna ubaya wake, nao nikuambie, maana babu wa kweli hafichi. Printa iligoma siku nzima, tukasema nayo, tukaisihi, Nuru akatafuta dawa yake mpaka jioni. Gemu nyingi uzipendazo hazimo. Na fundi wa mjini ukimpelekea anaitazama kama mtoto aliyezaliwa na meno. Utalazimika kujifunza mwenyewe, kusoma, kuuliza watu. Kama hutaki hayo, basi lipia ule wa kulipia, ulipe kihalali, na ulale. Njia ya tatu, ile yangu, usiifuate.

Juu ya kamera tulibandika plasta ya kidonda. Ipo mpaka leo. Siku za ukungu, nikibaki dukani, najikuta naiangalia ile plasta, na nafikiri kuhusu yule mwenzangu. Ana sura za watu wetu wote, na hamjui hata mmoja jina. Wanakaa kwake, mzee wa Kwai na koti lake la kijivu, na hakuna wa kuwaambia onga mshi. Sijui kama huwa anawafungua bado. Natumaini ameshawafuta. Natumaini pia hajawafuta, na siku moja, akiwa peke yake, ataona kishale chake kinatembea.

Hayo ni yangu. Ya mama ni haya. Jumamosi ile, Bibi Mauya alipokwisha kusindikizwa nyumbani na Nuru, mama alifunga dirisha la duka, akasimama mbele yangu, na nakusimulia alivyosema, neno kwa neno:

"Yoeli, kitu cha bure si dhambi. Mwenyewe akikupa, pokea, shukuru, na wewe ukijaliwa umpe mwingine. Lakini kitu ambacho lazima umfunge mbwa ndipo ukiingize nyumbani, kiache huko huko. Hilo nimelimaliza. Sasa kuanzia kesho, kabla ya shule, utamchotea maji Bibi Mauya, mpaka siku atakayokufa. Na mimi namwomba Mungu, usiku na mchana, ampe miaka mingi, mingi sana."